Kodi Juu ya Kodi: Historia Fupi ya Majengo, Misamaha na Wapangaji wa Mbarara

Neno letu la leo ni fupi, nalo hulijua hata mtoto wa darasa la kwanza: kodi. Ukifungua kamusi utaona lina maana mbili. Kodi ni fedha ambazo mpangaji humlipa mwenye nyumba ili akae au afanye biashara ndani yake. Kodi pia ni fedha ambazo mtu huilipa serikali kwa mujibu wa sheria. Kwa miaka kadhaa niliwaambia wanafunzi kwamba hapa hapana shida yoyote, muktadha utawaonyesha maana ipi inakusudiwa. Kisha siku moja mwanafunzi akanionyesha kwamba jambo lenyewe si jepesi kiasi hicho.

Alikuwa binti wa kidato cha tatu, aliyezaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa wazazi waliotoka Kongo. Mama yake alikuwa amepanga chumba kidogo cha duka mjini Mbarara, akiuza vitenge. Mwenye jengo aliwaita wapangaji wake wote kumi, akawaambia kwamba kuanzia mwezi unaofuata kila mmoja ataongeza shilingi 30,000 juu ya 200,000 alizokuwa akilipa, kwa sababu jiji linadai kodi ya majengo. Binti yule alisimama darasani akauliza: "Mwalimu, kodi imepanda kwa sababu ya kodi. Sasa mama analipa ipi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nililitafuta katika historia, na nililolipata ndilo ninalokuletea leo. Soma polepole, na ukikutana na msamiati mgeni usiuruke.

Kibanda kinapohesabiwa

Mwaka 1900, Sir Harry Johnston, kwa niaba ya serikali ya Uingereza, alitia saini Mkataba wa Buganda. Mkataba huo uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila kibanda na rupia 3 kwa kila bunduki. Mwaka uliofuata, 1901, ulifuata Mkataba wa Ankole, nao ukaeneza kodi ya vibanda na bunduki katika nchi ambayo Mbarara ilikuwa makao ya utawala wake. Asiye na rupia ilimbidi azitafute kwa kuuza mazao au kwa kufanya kazi.

Wananchi waliijibu kodi hiyo kwa namna walivyojenga. Kwa kuwa kilichohesabiwa kilikuwa kibanda, wala si watu waliolala ndani yake, familia zilianza kubanana katika vibanda vichache. Vijana ambao zamani wangejenga kwao walibaki chini ya paa la wazazi. Watawala walipogundua hayo waliongeza kodi ya kichwa, ambayo mtu hawezi kuikwepa kwa kuhamia kibanda cha ndugu yake.

Usidhani jambo hili ni la Afrika peke yake. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1696 hadi 1851, nyumba zilitozwa kodi kwa idadi ya madirisha. Watu waliziba madirisha kwa matofali wakaishi gizani, na baadhi ya majengo hayo yanaonekana hadi leo yakiwa na alama za madirisha yaliyozibwa. Ankole na Uingereza zinatufundisha jambo moja: kodi ya jengo huchukua fedha, na papo hapo hubadilisha namna watu wanavyojenga na wanavyoishi. Msamaha wa kodi hufanya vivyo hivyo, kwa upande wa pili.

Mji uliobomolewa

Mbarara tunayoiona leo ina maghorofa, mabenki na hoteli. Ili kuelewa kwa nini serikali zimewabembeleza wenye kujenga, lazima tukumbuke jinsi mji huu ulivyopoteza majengo yake.

Kama miji mingi ya Uganda, barabara yake kuu ilikuwa na maduka mengi ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Maduka na nyumba zao zikawekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali zilizoachwa. Mtu aliyepewa duka ambalo si lake, ambalo kesho anaweza kunyang'anywa, hana sababu ya kulikarabati. Sheria ya kurudisha mali hizo ilipitishwa mwaka 1982, lakini sehemu kubwa ya kuzirudisha ilifanyika katika miaka ya 1990.

Katikati ya muda huo ilikuja vita. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, nchini Tanzania, yakaua watu na kuharibu mali. Jeshi la Tanzania lilijibu, na mwezi Februari 1979 likaingia Mbarara. Majengo mengi ya mji yalibomolewa kwa baruti, kulipiza uharibifu wa Kagera. Sisi tunaopenda Kiswahili hatuna budi kuyakumbuka hayo pia. Lugha hii ilifika kwa wengi wa kizazi kile ikiwa midomoni mwa askari, na wapo wazee ambao hadi leo wanaisikia hivyo.

Basi mji uliobomolewa unahitaji nini? Unahitaji mtu mwenye fedha akubali kujenga mahali ambapo wenzake waliporwa na kulipuliwa. Mtu huyo ana hofu, naye ana hiari ya kupeleka fedha zake kwingine.

Vivutio: neno lenye kamba ndani yake

Hapa tunakutana na neno la pili la somo letu. Kivutio, kwa wingi vivutio, linatokana na kitenzi kuvuta. Vivutio vya kodi ni nafuu ambazo serikali humpa mwekezaji ili kumvuta aje kujenga au kuzalisha. Angalia kwamba huvutwa yule tu anayeweza kukaa mbali. Aliyekwisha kufika na hana pa kwenda, nani atajisumbua kumvuta?

Mwaka 1991 Uganda ilipitisha sheria ya uwekezaji iliyowapa wawekezaji waliokubaliwa miaka kadhaa ya kutolipa kodi ya mapato. Mwaka 1997 Sheria ya Kodi ya Mapato iliiondoa misamaha hiyo ya miaka, ikaweka nafuu ya aina nyingine: mwenye kununua mitambo aliruhusiwa kupunguza sehemu kubwa ya gharama zake mapema katika hesabu za kodi. Kwa mitambo iliyowekwa Kampala, Entebbe, Jinja na miji jirani yake, sehemu hiyo ilikuwa asilimia 50. Kwingineko nchini, Mbarara ikiwemo, ilikuwa asilimia 75. Majengo ya viwanda na hoteli nayo yalikuwa na nafuu yake. Kusudi lilikuwa wazi: kumtoa mwekezaji katikati ya nchi, aende pembezoni. Baadaye nafuu hiyo ilifutwa, kisha ikarudishwa kwa sura nyingine.

Sisemi kwamba vivutio ni vibaya. Mji uliolipuliwa ulistahili kusaidiwa kuinuka. Lakini barabara iliyo mbele ya jengo hailipiwi na msamaha. Shilingi asiyoilipa mmoja italipwa na mwingine, au huduma itakosekana. Kwa hiyo kila msamaha una maswali matatu: umempa nani, hadi lini, na nani analipa badala yake?

Mwaka 2005

Ndugu msomaji, ukiniuliza ni mwaka gani uliobadilisha mambo haya kwa watu wa Mbarara na Nakivale, nitakujibu: 2005. Mambo manne yalitokea mwaka huo.

La kwanza, kodi ya watu binafsi iliyotozwa kwa madaraja ilisitishwa. Kodi hiyo, iliyoanza wakati wa ukoloni, ilikuwa tegemeo la serikali za mitaa, nayo ilichukiwa mno. Wanaume walikimbilia vichakani waliposikia wakusanyaji wanakuja, na aliyekamatwa bila risiti aliweza kulala mahabusu. Ilipoondoka watu walishangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Ila mabaraza ya wilaya na miji yalibaki na pengo. Kodi za huduma za mitaa na za hoteli zilizoanza mwaka 2008 hazikulijaza.

La pili, Bunge lilipitisha Sheria ya Serikali za Mitaa kuhusu kodi ya majengo. Kwa sheria hii, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2006, baraza la mji huajiri mthamini, ambaye hukadiria kila jengo lingepangishwa kwa kiasi gani kwa mwaka, akaondoa sehemu ya matengenezo na gharama nyingine. Kinachobaki ndicho thamani inayotozwa kodi. Majina na thamani huandikwa katika daftari la uthamini, linalopaswa kufanywa upya walau kila baada ya miaka mitano. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mji nao ni mali.

Lakini sheria hiyo ilitoa msamaha mkubwa: nyumba ya makazi ambayo mwenyewe anaishi haitozwi. Ni msamaha wenye huruma. Unamlinda mjane anayekaa katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, asiyepata hata senti kutokana nayo. Lakini unamlinda pia tajiri mwenye jumba la bustani na ukuta mrefu, mradi analala humo mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba uzito wa kodi ulihamia kwenye majengo ya biashara na nyumba za kupangisha. Yaani, ulihamia mahali ambapo karibu kila mlango una mpangaji nyuma yake.

La tatu, mnamo Julai 2005 wilaya ya Isingiro ilimegwa kutoka wilaya ya Mbarara, nayo ikachukua Nakivale. Tangu hapo, mkimbizi anayelala Nakivale na kufanya biashara mjini Mbarara anaishi chini ya serikali mbili za mitaa.

La nne litakufurahisha wewe unayejifunza lugha hii: mwaka huo huo marekebisho ya Katiba yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Miaka mingi imepita, na sheria za kodi bado husomwa kwa Kiingereza. Ndiyo sababu ninaandika makala haya.

Aliyesafiri mbali kuliko wote

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960 kuwa makazi ya wakimbizi, wa mwanzo wakiwa Wanyarwanda. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Mkimbizi hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, lakini ardhi yenyewe si yake. Anaitumia bila kuimiliki. Hawezi kuiuza wala kuiweka rehani benki. Jina lake halimo katika daftari la mwenye mali.

Hata hivyo halipi kidogo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtaka mkimbizi mwenye kipato alipe kodi kama sheria za nchi zinavyosema. Hulipa ushuru wa soko, hulipa leseni, hulipa kodi iliyofichwa ndani ya bei ya sabuni na salio la simu. Akipanga duka Mbarara, hulipa pia, kupitia kwa mwenye jengo, sehemu ya kodi ya majengo. Methali yetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni jembe alikwisha kulishika zamani.

Mbarara nayo imebadilika. Kuanzia mwaka 2013 mradi wa miundombinu ya miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ujulikanao kama USMID, uliisaidia Mbarara na miji mingine kutengeneza barabara na kuweka taa. Awamu iliyofuata iliingiza pia wilaya zinazohifadhi wakimbizi, Isingiro ikiwa mojawapo. Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ilipandishwa kuwa jiji. Jiji linahitaji mapato yake lenyewe, na kodi ya majengo ni mojawapo ya vyanzo vyake. Hapo pana haki yake: barabara ikiwekwa lami kwa fedha za umma, jengo lililo kando yake hupanda thamani bila mwenyewe kupaka hata rangi. Ni haki arudishe sehemu ya faida hiyo. Swali ni kama anairudisha yeye.

Tulipiga hesabu

Turudi kwa binti yule. Darasani tulichukua ubao, tukapiga hesabu ya makadirio. Vyumba kumi, kila kimoja shilingi 200,000 kwa mwezi, ni 24,000,000 kwa mwaka. Tuliondoa robo kwa ajili ya matengenezo na gharama nyingine, zikabaki 18,000,000. Tukatumia asilimia 6, kiwango kinachotozwa Kampala. Kodi ya majengo ikawa 1,080,000 kwa mwaka. Gawanya kwa vyumba kumi, kisha kwa miezi kumi na miwili: ni shilingi 9,000 kwa kila chumba kwa mwezi.

Darasa likapiga kelele. Zile 21,000 zilizobaki ni za nini?

Mwanafunzi mmoja mtulivu, ambaye baba yake ana nyumba mbili za kupangisha, aliinua mkono akasema kwamba mwenye jengo hulipa pia kodi nyingine, inayokwenda kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Alisema kweli. Tangu Julai 2022 mtu binafsi mwenye mapato ya pango hulipa asilimia 12 ya kiasi kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Tulihesabu: 24,000,000 ukitoa 2,820,000 ni 21,180,000, na asilimia 12 yake ni 2,541,600. Kwa kila chumba ni 21,180 kwa mwezi. Jumlisha na 9,000, utapata 30,180.

Darasa likanyamaza. Huenda mwenye jengo hakutunga kiasi kile. Ni kana kwamba alichukua kodi zake zote mbili, ya jiji na ya mapato yake mwenyewe, akazigawa kwa wapangaji kumi na kuziita kodi ya majengo. Kodi ya mapato inamhusu mtu aliyepata mapato hayo. Huyu alitaka mapato yabaki kwake na kodi yake ilipwe na wauza vitenge.

Anaweza kufanya hivyo wakati gani? Pale tu ambapo wapangaji hawana pa kuhamia. Hapa, ndugu msomaji, ndipo historia yetu yote inapokutana. Mwaka 1900 aliyeweza kuhamia kibanda cha ndugu yake aliikwepa kodi. Mwaka 1991 mwekezaji aliyeweza kupeleka fedha zake nchi nyingine alipewa msamaha. Mwaka 2005 mwenye jumba lake alisamehewa. Anayeweza kuondoka hubembelezwa, asiyeweza kuondoka huongezewa. Mama wa binti yule amesafiri mbali kuliko sote, amevuka mipaka akiwa na mtoto mgongoni, na leo ndiye asiyeweza kuhama hata kwenda mtaa wa pili, kwa sababu wateja wake wanaujua mlango ule mmoja.

Sheria inampa nini?

Inampa vitu vichache, lakini si haba. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inazuia kodi ya pango kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa waziri akiweka kiwango kingine. Asilimia 10 ya 200,000 ni 20,000. Kwa hiyo 30,000 ilivuka mpaka hata kabla ya kujadili sababu zake. Pili, daftari la uthamini si siri. Likiandaliwa huwekwa wazi likaguliwe, na wenye pingamizi husikilizwa na mahakama ya uthamini. Tatu, sheria ya kodi ya majengo inalitaka baraza litumie sehemu kubwa ya mapato hayo kwa huduma za eneo husika, kama barabara, mifereji, taa na uzoaji wa taka. Yeyote anayeishi au kufanya kazi pale anaweza kuuliza huduma hizo zi wapi.

Binti aliinakili hesabu ile kwenye karatasi ya daftari lake, akampelekea mama. Mama hakwenda mahakamani. Aliwaonyesha wenzake tisa, nao wakaenda pamoja kwa mwenye jengo, wakamwomba kwa heshima awaonyeshe hati ya madai ya jiji. Hakuwaonyesha. Lakini walikubaliana nyongeza ya shilingi 15,000, iliyoandikwa na kutiwa saini na pande zote. Bado ni zaidi ya 9,000 tulizozihesabu sisi. Mama alisema inatosha, kwa kuwa ana vitenge vya kuuza na hana muda wa ugomvi.

Sasa ninaweza kulijibu swali la binti yule. Mama analipa kodi zote mbili, na sehemu ya kodi ya mtu mwingine. Muktadha, ambao niliwaambia wanafunzi kwamba utatenganisha maana za neno hili, haumsaidii mpangaji asiyejua kuusoma. Ndiyo sababu tunajifunza maneno, na pia hesabu zilizo nyuma ya maneno.

Kabla hatujaagana, jaribu kuyajibu maswali haya kwa Kiswahili sanifu, kwa aya moja kila moja:

1. Eleza tofauti kati ya kodi ya pango, kodi ya majengo na kodi ya mapato ya pango. Nani hupokea kila moja?

2. Je, ni haki nyumba anayoishi mwenyewe kusamehewa kodi? Toa hoja moja ya kukubali na moja ya kupinga.

3. Mweleze mwenye duka mmoja katika mtaa wako hesabu tuliyoifanya. Andika alichokujibu.